Marejeo ni Ngamani

Wenye boti za kasi wana sentensi moja wanayoipenda sana: "Inakula oili kidogo." Huisema wakiwa wamesimama kando ya chombo chenye thamani ya nyumba, funguo zikining'inia kidoleni, kwa sauti ile mzazi anayotumia kumtetea mtoto mtundu. Nimeisikia kwa Kiingereza, nimeisikia kwa Kihispania, na katika miaka minane ya kufanya kazi kwenye gereji za boti kusini mwa Florida sijakutana hata mara moja na boti ambayo sentensi hiyo ilikuwa kweli.

Injini inaweza kula oili. Ringi za pistoni zikichoka, oili hupenya hadi kwenye chumba cha moto ikaungua pamoja na petroli, nawe ukaona moshi wa bluu. Lakini chupa wanayonionyesha wakisema hivyo si ya injini. Ni ya giaboksi inayoning'inia nje, nyuma ya boti. Humo hamna moto. Mna gia, beringi, shafti na giza. Oili iliyomo haina pa kuungulia. Ikipungua, imetoka, na ikiwa imetoka, kuna mahali ilipokwenda. Sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kujua ni wapi.

Kwetu chombo hiki hakionekani sana, kwa hiyo afadhali nikieleze. Pale Deep Sea, Tanga, nilikokulia, boti ya wavuvi ina mashine ya kufunga nyuma: injini, gia na panga boi vyote katika umbo moja, na kijana mwenye nguvu anaweza kuipakata mashine ndogo na kupanda nayo ufukweni. Meli ina injini tumboni na shafti ndefu inayotokeza chini nyuma. Stendraivu ni ndoa ya hao wawili. Injini, mara nyingi ya asili ya gari, inakaa ndani ya boti karibu na tezi. Nguvu yake inapita kwenye tundu la ubao wa tezi, inaingia kwenye giaboksi iliyo nje, inakata kona kwenda chini, inakata kona nyingine kwenda nyuma, ndipo inapolizungusha panga boi. Giaboksi nzima hugeuka kushoto na kulia, nayo ndiyo usukani. Pia huinuka na kushuka ili boti ikae vizuri juu ya maji. Mhandisi Mmarekani, Jim Wynne, ndiye aliyelifanyia kazi wazo hili, na kampuni ya Kiswidi ya Volvo Penta ikalionyesha kwa umma New York mwaka 1959 kwa jina la Aquamatic. Miaka michache baadaye Mercury nao wakatoa yao, MerCruiser.

Ukifikiria, ni ujasiri mkubwa. Nguvu ya injini inapitishwa kwenye kiungo kinachopinda pande zote, chini ya usawa wa maji, huku oili ikiwa upande mmoja na bahari upande wa pili. Kinachozitenganisha ni pete za mpira, ambazo mafundi tunaziita sili, na nyingi bei yake haizidi chakula cha mchana. Sasa weka injini ya nguvu farasi 500, au 700, au zaidi ya 1,000. Iache boti ikimbie kilomita 160 kwa saa, iruke wimbi, panga boi litoke majini na kurudi kwa kishindo. Pete zile zile ndizo zinazotegemewa.

Kaskazini mwa Miami kuna kipande cha barabara, Northeast 188th Street, ambacho watu wa fani walikiita Thunderboat Row. Hapo Don Aronow, mtu aliyeanzisha Formula, Donzi, Magnum na Cigarette, aliunda boti za kasi zilizopata sifa duniani, na katika barabara hiyo hiyo akauawa kwa risasi mwaka 1987. Wateja walipenda kunisimulia habari zake kana kwamba nimefuata mkumbo wa hadithi hiyo. Mimi nilimfuata dada yangu, aliyekuwa muuguzi. Gereji iliyoniajiri ilikuwa milango miwili nyuma ya duka la matairi, mbali na maji. Boti zililetwa juu ya trela, nasi tukazifanyia kazi zikiwa zimeelea hewani kama ng'ombe waliochinjwa.

Aliyenifundisha alikuwa mzee wa Kikuba, mwenye vidole visivyonyooka tena. Aliniita mwanangu kwa Kihispania. Jambo la kwanza alilonikataza ni kushika spana kabla ya kuuliza maswali matatu: oili ilibadilishwa lini, chupa ilijazwa ikiwa ya baridi au ya moto, na boti imelala wapi.

Swali la kwanza na la pili yanahusu uvujaji ambao si uvujaji. Ndani ya boti, karibu na injini, kuna chupa ya plastiki yenye mstari wa kipimo. Mpira mwembamba unaiunganisha na giaboksi iliyo nje. Nyingi ya zile tulizozishughulikia hubeba zaidi kidogo ya lita mbili na nusu. Chupa ni dirisha tu la kuchungulia. Oili ikipata moto hutanuka. Mtu akiijaza chupa mpaka mdomoni asubuhi, adhuhuri itafurika kupitia kifuniko, itateremka ubavuni, na jioni atakuta oili chini na chupa imeshuka. Ataapa kwamba inavuja. Vilevile, oili ikiwa imebadilishwa juzi, hewa iliyonaswa ndani hupanda polepole na kutoka, na usawa wa chupa hushuka mara moja au mbili mpaka utulie. Ndiyo maana giaboksi hujazwa kutoka tundu la chini, ili oili iisukume hewa itokee juu. Lakini kuna mpaka wa kusamehe. Kitabu cha MerCruiser kinasema ukilazimika kuongeza zaidi ya mililita 59 ili chupa ijae, huenda kuna sili inayovuja. Mililita 59 ni vijiko vinne vya chakula. Nilikikariri kipimo hicho kwa sababu wateja wengi wanapima kwa "kidogo."

Swali la tatu, boti imelala wapi, lilinichukua muda kulielewa. Giaboksi inapumua. Ikifanya kazi inapata joto, oili inatanuka na kusukuma nje popote panapolegea. Ikizimwa na kubaki ndani ya maji, inapoa, inasinyaa, na kuvuta kilicho jirani. Tundu lililotoa oili mchana huingiza maji usiku. Kwa hiyo boti inayolala majini tunaitazama rangi ya oili kabla ya kiasi chake. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yamo, na beringi zimeanza kuoza. Boti za kasi zina shida ya ziada: giaboksi huinuliwa juu sana ili isiburute maji, panga boi likafanya kazi nusu nje, na sehemu ya juu ya giaboksi haipozwi vya kutosha. Wapo wanaofunga vibomba vidogo vya kuimwagia maji ya bahari wakati wa mwendo. Wasiofunga, unaona rangi ya juu imegeuka kahawia, na hapo hata sili mpya haidumu.

Mambo haya yote mzee wa Kikuba alinifundisha, lakini msingi wake nilikuwa nao tayari. Mjomba wangu alikuwa fundi wa majahazi Pangani. Kazi yake nilipokuwa mtoto ilikuwa kalafati, kuziba nafasi kati ya mbao kwa pamba iliyolowekwa mafuta, kisha kupaka deheni. Jahazi likiletwa kwake linaingiza maji, hakugusa nyundo. Alifua maji yote, akaikausha ngama kwa matambara, halafu akanyunyiza majivu juu ya mbao na kukaa kusubiri, mara nyingine nusu siku, akivuta sigara. Mwenye jahazi angemwonyesha kidimbwi, "Hapa ndipo panapovuja." Mjomba angejibu bila kuinua kichwa: "Hapo ndipo yanapokaa. Sipo yalipoingilia." Baada ya muda mstari mweusi ungejichora kwenye majivu, ukitokea mahali ambapo hakuna aliyefikiria, karibu na omo pengine, dhiraa nyingi kutoka kwenye kidimbwi.

Hata ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hii watu huitumia kwa mambo ya dunia, safari na majivuno. Kwa mjomba ilikuwa maelezo ya kazi. Kila kinachovuja hatimaye hushuka ngamani, ndiyo sababu ngama haiwezi kukuambia kilikotoka. Inakuambia tu kwamba kipo. Florida tulitumia poda ya watoto badala ya majivu. Tulisafisha giaboksi mpaka ing'ae, tukaipaka poda kwenye viungo, tukaiendesha kwa muda, tukasubiri mstari ujichore. Siku ya kwanza nilipoona mzee akifungua kopo lile nilicheka peke yangu, na jioni nikampigia mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Huko wanakupa kazi?"

"Wananipa. Wanapaka poda, mjomba. Kama majivu yako."

Alinyamaza kidogo. "Basi ni watu wenye akili," akasema.

Njia za oili kutoka si nyingi, na kuzijua kwa mpangilio ndiko kunakomtofautisha fundi na muuza vipuri. Kuna skrubu za kumwagia na kujazia, ambazo kigasketi chake kidogo hakitakiwi kutumika mara mbili. Kuna kifuniko cha juu na oringi yake. Kuna maungio kati ya nusu ya juu na nusu ya chini. Kuna ule mpira mwembamba wa chupa, ambao hupita kwenye tundu la tezi na kiungo chake huliwa na chumvi. Kuna shafti ya panga boi, na hapa sili huwa mbili, zimegeuziana visogo, moja inazuia oili isitoke, ya pili inazuia maji yasiingie. Adui mkubwa wa hizo mbili ni mshipi wa mvuvi. Uzi wa nailoni uliotupwa baharini hujiviringa nyuma ya panga boi, ukazama kwenye sili na kuikata kama wembe. Ndiyo maana kila nilipolivua panga boi niliingiza kidole kwanza. Mara nyingi kilitoka na uzi.

Na kuna mlango wa sita, ambao wengi hawaufiki kwa sababu ili uuone ni lazima giaboksi nzima ishushwe. Ni pale shafti inapoingia kutoka kwenye injini. Kati ya tezi na giaboksi shafti hiyo ina krosi mbili ili iweze kupinda, na krosi hizo zimevikwa mpira wa mikunjo kama wa akodiani, unaozuia bahari isiingie botini. Sili ya hapo ikivuja, nje huoni kitu. Oili inajikusanya ndani ya akodiani. Inaulainisha mpira kidogo kidogo. Ikizidi, inajipenyeza kupitia beringi ya tezi na kushuka ngamani, ambako pampu ya kufua maji inawaka yenyewe na kuisukuma baharini. Na mpira ule ukichanika, maji huingia kwa njia ile ile oili iliyotokea. Boti zimezama zikiwa zimefungwa gatini, usiku, bila mtu kugusa kitu, kwa sababu ya mpira huo.

Ili kupata ukweli tunatumia hewa. Giaboksi ikiwa haina oili, unaingiza hewa kwa pampu ya mkono na kuangalia geji. Unaanza na paundi 3 hivi kwa inchi ya mraba, kisha unapanda hadi 10 au zaidi kidogo. Kuanza chini si woga. Shinikizo kubwa huibana midomo ya sili ikashika vizuri, na uvujaji mdogo ukajificha. Kwa shinikizo dogo unajitokeza. Baadaye unavuta hewa badala ya kuisukuma, maana sili inayozuia kutoka inaweza isizuie kuingia. Unapaka maji ya sabuni, unatafuta mapovu. Na jambo ambalo mzee alilirudia mpaka likanichosha: zungusha shafti. Sili inaweza kushika vizuri ikiwa imetulia kwa sababu midomo yake imelalia sehemu nzima. Geuza robo mzunguko, inakutana na mtaro uliolika kwenye chuma, na hewa inapita.

Mwaka wangu wa sita ililetwa boti ya futi 38, injini mbili, yenye mchirizi wa rangi ya machungwa ubavuni. Ilikuwa inauzwa. Mnunuzi alikuwa jimbo jingine, hajaiona ila kwenye picha, na alikuwa amelipia ukaguzi kamili, maana yake giaboksi zote mbili zishushwe. Muuzaji alikuja nayo mwenyewe. "Ya kulia inakula oili kidogo," akasema, na kunipa risiti. Sili za shafti ya panga boi zilikuwa zimebadilishwa mara mbili katika misimu miwili. Zilikuwa bado mpya. Mtu alikuwa amebadilisha mahali palipo rahisi kufikika, na oili ilipoendelea kupungua akabadilisha pale pale tena.

Tuliipeleka majini kwanza. Kwa dakika 40 za majaribio chupa ya kulia ilishuka mililita 130. Tukairudisha, nikafungua nati sita na kuivuta giaboksi nyuma. Kutoka kwenye akodiani ilimwagika kikombe kizima. Muuzaji akasema ni grisi ya krosi iliyoyeyuka. Inawezekana, joto hufanya hivyo. Lakini oili ya gia ina salfa, harufu yake ni ya yai viza, na ukishaijua huwezi kuichanganya na kitu kingine. Nilimpa kitambaa anuse. Hakukipokea.

Juu ya meza niliijaza hewa paundi 10. Ilishika. Dakika 15, sindano haikutikisika. Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikaanza kuizungusha shafti ya kuingilia kwa mkono, polepole, na katika sehemu moja ya mzunguko yakatokea mapovu, madogo, kama mate ya mtoto. Sindano ikaanza kushuka. Nilipopitisha ukucha kwenye chuma niliuhisi mtaro.

Sitaki kumfanya bosi kuwa mtu mbaya. Alikuwa na kodi ya pango, na nusu ya kaguzi zetu zilitoka kwa dalali mmoja, yule yule aliyekuwa akiiuza boti hii. Wala hakuniambia niandike uongo. Aliniita pembeni na kusema kwa upole: "Kijana, kipimo kinasema imeshika. Umeona kwa macho yako. Andika imeshika."

Na ilikuwa kweli. Ikiwa imetulia, ilishika. Karatasi ilikuwa na kisanduku kimoja cha alama na mstari mmoja wa maelezo, na alama hiyo ningeweza kuitetea mbele ya yeyote. Nilikuwa nalipwa kwa saa. Ada ya mdogo wangu chuoni Dar es Salaam ilikuwa inadaiwa mwezi ule. Nilikaa na kalamu muda mrefu kuliko inavyostahili karatasi ya ukurasa mmoja. Nilichokuwa nakifikiria si sheria wala dini. Nilikuwa nafikiria kwamba boti hainunuliwi ili itulie. Mtu atakayeishika usukani ataipeleka kasi ambayo giaboksi ikikauka na gia kushikana, chombo hakipunguzi mwendo. Kinageuka ghafla, na waliomo wanarushwa. Sikuwa na jina lake ila herufi kwenye fomu.

Niliandika: "Imeshika ikiwa imetulia. Ikizungushwa inashuka kutoka paundi 10 hadi 7 kwa dakika 5. Oili imekutwa ndani ya mpira wa mikunjo. Chuma kina mtaro. Sili peke yake haitatosha." Mstari mmoja haukutosha, nikaendelea pembeni.

Muuzaji aliiondoa boti jioni ile ile. Mnunuzi akajitoa. Bosi hakunifukuza, hakunifokea. Aliniondoa tu kwenye ukaguzi. Msimu mzima nilipiga msasa matumbo ya boti na kuyapaka rangi ya kuzuia chaza, na saa zangu zikapungua wiki hadi wiki. Haba na haba hujaza kibaba, tulifundishwa shuleni. Nilijifunza kwamba hukimwaga pia. Mzee wa Kikuba alikuwa ameshastaafu. Nilipomsimulia kwa simu aliuliza jambo moja tu: "Uliizungusha?" Nikasema ndiyo. Akaanza kuzungumza habari za magoti yake.

Mwisho wa msimu niliondoka, nikanunua gari la mizigo lililotumika na kuanza kuwafuata wateja gatini mwenyewe. Kazi ya stendraivu yenyewe inapungua. Mashine za kufunga nyuma zimekua mno. Mwaka 2021 Mercury walitoa moja ya silinda 12 na nguvu farasi 600, na wenye pesa wanazipanga tatu, nne, nyuma ya boti moja. Kuna vijana wanaojifunza ufundi sasa ambao hawatawahi kuona akodiani ikimwaga oili. Siwaonei huruma. Lakini boti za zamani bado zipo, zinauzwa na kuuzwa tena, na kila moja inakwenda na siri zake.

Jumamosi moja nilikuwa kwenye gati ya mafuta, ghuba ya Biscayne, nikisubiri mteja. Nyuma ya boti iliyokuwa ikijaza petroli niliona utando juu ya maji, zambarau na dhahabu, ukipanuka polepole. Ulitoka kwenye tundu la pampu ya ngama. Marekani sheria ya maji safi haisubiri pipa limwagike. Utando unaoonekana kwa macho unatosha kuwa kosa, na boti ya futi 26 na zaidi inatakiwa kubeba bango lenye onyo hilo. Mwenye boti aliuona pia. Alifungua kabati na kutoa chupa ya sabuni ya vyombo, kama wengi wanavyofanya, maana sabuni huukata utando ukatoweka. Hilo nalo limekatazwa. Oili haiondoki, inazama tu usiione, na samaki ndio wanaokutana nayo.

Nikainua macho. Mchirizi wa rangi ya machungwa.

Nilimsalimia, nikamwambia mimi ni fundi, na kwamba sabuni itamletea matatizo zaidi ya oili. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, na watoto wawili wamevaa jaketi za kuokolea, wameshakaa viti vya nyuma.

"Inakula oili kidogo," akasema. "Ya kulia. Aliyeniuzia aliniambia ni kawaida yake."

Sentensi ile ilikuwa imehama na boti, pamoja na nanga na kamba. Nilimwambia ninachokijua: sili ipi, mtaro uko wapi, kwamba sili yenyewe ni bei ya chakula cha mchana lakini kuifikia ni kazi ya siku nzima, na chuma kilicholika lazima kibadilishwe nacho. Nilimweleza habari za mpira wa mikunjo, maji yanavyoweza kuifuata njia ya oili. Nilisema polepole, bila kuwatazama watoto. Nilitarajia aulize bei, au aniulize naweza kumwongezea chupa ili atoke leo tu, kesho ailete.

Alirudisha sabuni kabatini. Akatazama chupa, ambayo ilikuwa karibu tupu, kisha akatazama maji.

"Nimeijaza mara tano tangu niinunue," akasema. "Yote hiyo imekwenda wapi?"

Katika miaka yote ile ni yeye wa kwanza kuniuliza hivyo. Nikamwambia azime swichi ya pampu, awashushe watoto gatini, kisha avue viatu, tushuke ngamani.